Mwongozo kamili: kupiga picha mwaloni Mwanza ukiwa mgeni, bila kufukuzwa na bila kurudi na nyuso zenye giza

Kila mwezi napokea ujumbe ule ule, linalobadilika ni jina la mtumaji. Mtu katoka Dar, Moshi au Mombasa, kashuka stendi ya Nyegezi na kamera yake, alfajiri ya kesho yake kaenda mwaloni, pale ufukweni mitumbwi ya uvuvi inaposhushia samaki, na jua halijapanda vizuri keshaambiwa aondoke. Mwingine hakufukuzwa, ila karudi na picha mia mbili ambazo ziwa linawaka na watu wote ni vivuli.

Mzungu akifika mwaloni anajua kwamba ni mgeni, kwa hiyo hutafuta mwenyeji wa kumwongoza. Sisi tunaingia tu, kwa kuwa tunaongea Kiswahili. Hapo ndipo tunapokosea. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekaa Mwanza miaka ya kutosha kujua bei ya sato kwa kumtazama, na mwaloni bado naitwa "yule wa pwani". Lafudhi husikika kabla hujamaliza salamu. Jihesabu mgeni tangu mwanzo, kisha fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Ukiruka ya 3 au ya 4, hizo nyingine hazitakusaidia.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera nzuri, au kamera moja na lenzi moja. Milimita 35 au 50 inatosha. Lenzi ndefu iache nyumbani: ukiwa nayo utawapiga watu kwa mbali, na mtu anayepigwa picha kwa mbali anajiona anaviziwa.
- Betri ya pili au pawabenki. Vibanda vya mwaloni si vyote vyenye umeme.
- Kitambaa laini na kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana. Watu wa pwani tumezoea kuogopa chumvi. Ziwa halina chumvi; hapa adui ni mchanga, vumbi la dagaa na magamba, ambayo yakikauka kwenye kioo hayatoki kwa kupulizwa.
- Gambuti. Usiingie majini peku hata kama maji yanaishia vifundoni. Kichocho kipo katika ziwa hili na huingia kupitia ngozi.
- Kitambulisho na pesa ndogo ndogo. Za chai, za dagaa, za kijana atakayekubebea begi.
- Pesa ya kusafisha picha. Itenge kabla ya safari. Sababu utaiona hatua ya mwisho.

Daftari usibebe. Majina ya watu yarekodi kwenye simu.

## Hatua ya 1: Tazama mwezi kwanza

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta pale tu giza linapokuwa giza kweli. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, kwa hiyo wavuvi wengi wa dagaa hupumzika kama wiki moja hivi, mwezi mpevu ukiwa katikati yake. Ukienda siku hizo utakuta mitumbwi imevutwa mchangani, watu wanashona nyavu na kucheza drafti. Nazo ni picha, lakini si zile ulizozifuata.

Panga safari iangukie siku za giza. Miezi ya Juni hadi Agosti ni mikavu na dagaa hukauka vizuri. Machi hadi Mei mvua hunyesha sana, na dagaa aliyenyeshewa huoza. Siku hiyo waanikaji wanahesabu hasara na hawana hamu ya kamera ya mtu.

Saa nayo ina mtego kwa aliyetoka pwani. Mwanza iko mbali magharibi lakini saa zetu ni zile zile, hivyo jua huchomoza hapa kwa wastani dakika 25 baada ya Tanga au Dar: kati ya saa 12:25 na saa 1:00 asubuhi, kutegemea mwezi wa mwaka. Fika saa 11 na nusu. Mitumbwi huanza kurudi kunapokucha, na unahitaji muda wa hatua ya 3 na ya 4 kabla hujatoa kamera.

## Hatua ya 2: Usivae kama afisa

Mara yangu ya kwanza nilivaa kizibao cha kaki chenye mifuko sita. Nilikuwa na daftari mkononi na kalamu sikioni. Nilijiona mpiga picha hasa. Dakika kumi hazijaisha, upande mmoja wa mwalo ukawa mtupu. Vijana wawili walipita wamebeba wavu uliokunjwa, wakazunguka nyuma ya kibanda cha mabati na hawakurudi. Mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu akaniuliza bila kuinua macho:

"Leo mmekuja wangapi?"

Nilimjibu kwamba nimekuja peke yangu. Akacheka kidogo, akaendelea kushona. Kesho yake ndipo nilipoelezwa kwamba walinidhania afisa wa uvuvi.

Sababu ipo wazi. Kuna zana zilizopigwa marufuku ziwani: kokoro, timba, makila. Kuna samaki wasioruhusiwa kuvuliwa. Sangara aliye chini ya sentimita 50 ni kosa. Kwenye operesheni ya mwaka 2018 nyavu nyingi zilichomwa moto, na kila mwalo una mtu anayekumbuka zake. Picha ya mtumbwi wenye namba ubavuni na samaki wadogo ndani yake ni ushahidi, hata kama wewe ulikuwa unafuata rangi za macheo.

Jambo la pili ni kwamba kamera ya mgeni ilishawahi kuwaumiza watu wa hapa. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya mtengenezaji kutoka Ulaya kuhusu sangara wa Mwanza. Ilizunguka dunia na kufika hadi kwenye orodha ya kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani kwa jinsi ilivyouchora mji. Usishangae mtu wa makamo akikuuliza kama na wewe umekuja "kututangaza vibaya".

Vaa shati la kawaida, suruali na kofia. Rangi ya kaki, kijani cha jeshi na buluu iliyoiva viache.

## Hatua ya 3: Anza ofisini

Mialo ya uvuvi husimamiwa na kikundi cha wenyeji, kinachojulikana na wote kama BMU. Kina mwenyekiti na katibu. Muulize mtu wa kwanza utakayemkuta, "Ofisi ya BMU iko wapi?" Swali hilo lenyewe linakusaidia, maana atawaambia wenzake kwamba kuna mgeni amekuja kwa mlango wa mbele. Soko la Mwaloni pale Kirumba lina ofisi ya soko, nenda huko.

Eleza mambo matatu: jina lako na unakotoka, picha ni za nini, zitaonekana wapi. Onyesha kitambulisho kabla hujaulizwa. Kama ni kazi ya kulipwa, sema hivyo hivyo. Uongo mdogo wa "ni za kumbukumbu tu" huja kufichuka picha ikionekana kwenye tangazo, na anayepata taabu ni mpiga picha atakayekufuata.

Onyo: ruhusa ya mwenyekiti ni ya kuwepo hapo. Hajakupa sura ya mama aliyeinama juu ya dagaa wake. Hiyo utaiomba kwake mwenyewe.

Utajua umefaulu akikupa kijana wa kutembea nawe. Kijana huyo anajua kila mtumbwi ni wa tajiri yupi, nani ana msiba wiki hii, nani hapendi utani. Mwisho wa siku mpe cha mkononi, na usingoje akudai.

## Hatua ya 4: Saa ya kwanza kamera ibaki kwenye begi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, kwa sababu ndiyo saa ambayo mwanga wa alfajiri unakupita ukiuona. Uache upite. Kesho utakuwepo tena.

Nenda kwa mama lishe. Kaa kwenye benchi, agiza chai na chapati, salimia kila anayekaa. Asubuhi Kisukuma husema "Mwangaluka", na jibu ni "Mwangaluka" vilevile, kisha "Mhola?", nawe unajibu "Mhola duhu". Mchana na jioni ni "Mwadila". Kushukuru ni "Wabeja". Maneno manne haya utayatamka vibaya na watakucheka. Cheka nao, kwa sababu mtu aliyekwisha kukucheka hana tena haja ya kukuogopa. Wazee wape shikamoo yao kama kawaida, na mwanamke mtu mzima mwite "mayu" au "mama".

Kwenye mialo ya visiwani, kama Ukerewe, wengine ni Wakerewe, Wajita, Wakara au Wahaya, na Kisukuma chako cha jana hakitakupa sifa. Sikiliza kwanza wanavyosalimiana wao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwaloni jembe ni ndoo. Ukiona watu wanapokezana ndoo za dagaa kutoka mtumbwini, shika moja, beba safari mbili tatu. Utalowa na utanuka dagaa hadi jioni. Lakini picha za kazi utakazopiga baada ya hapo zitatofautiana na za jana yake, kwa sababu sasa unajua uzito unapolalia bega na mahali mtu anapositisha pumzi kabla ya kupanda mchanga. Utajua kidole kibonyeze lini.

Angalia unapokanyaga. Nyavu zilizotandazwa chini ni mali ya mtu, na tundu moja la kisigino cha gambuti ni kazi ya nusu siku ya kushona. Zunguka, usiziruke.

## Hatua ya 5: Omba picha, kisha subiri jibu lenyewe

Maombi yangu huenda hivi:

"Mayu, naomba nikupige picha ukianika. Nitakuletea ya kwako ya karatasi."

"Ya kwenda wapi?"

Hilo ndilo swali utakaloulizwa na karibu kila mtu, na ndilo linaloamua. Jibu kwa ukweli na kwa ufupi: inakwenda gazetini, kwenye maonyesho Dar, kwenye ukurasa wangu wa Instagram. Ukijiumauma, jibu ni hapana.

Jifunze kusoma majibu. "Baadaye" ni hapana ya heshima. Usirudi baada ya nusu saa kuidai. Kunyamaza na kuendelea na kazi ni hapana pia. Akisema "ngoja kwanza" huku akifungua fundo la kanga, amekubali.

Hapo kwenye "ngoja kwanza" ndipo wapiga picha wengi wanaponiudhi. Mama anakwenda kunawa uso, anajifunga kanga nyingine, anarudi na kusimama wima kama yuko studio, mikono imenyooka ubavuni. Mgeni anakunja uso kwa sababu alitaka "uhalisia". Uhalisia upi? Mtu anayeheshimu sura yake hujiandaa kabla ya kupigwa picha. Hata wewe kwenye kitambulisho chako hukupigwa ukitoka kulima. Piga hiyo aliyoitaka, ipige vizuri kuliko zote, umwonyeshe kwenye kioo. Hiyo ni yake. Ataridhika, atarudi kwenye dagaa, na kwa robo saa nzima utapiga uliyoitaka wewe bila yeye kugeuza shingo.

Kuhusu pesa: simlipi mtu kwa kila picha, kwa sababu kesho yake vijana wote watajipanga wapige pozi na kazi itasimama. Nanunua. Sado moja ya dagaa kwa aliyenipa muda wake, kwa bei anayowauzia wengine, na sipunguzi hata shilingi. Akitokea mtu wa kuomba "ya soda", natoa ya soda, yaishe.

## Hatua ya 6: Mwanga, na kwa nini nyuso zinakuwa giza

Kamera haijui uso ni nini wala ziwa ni nini. Inapima mwanga wote uliomo kwenye fremu. Maji yanayometameta nyuma ya mtu huifanya idhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unazama kizani. Kwa ngozi zetu kosa hili linaonekana mara mbili.

Geuka wewe kwanza. Jiji limekaa upande wa mashariki wa ghuba yake. Asubuhi, ukisimama nchi kavu Kirumba na kutazama majini, jua liko mgongoni kwako na linawapiga usoni wanaorudi. Jioni mambo hugeuka: jua linazama upande wa maji na kila mtu mbele yako anakuwa kivuli. Jioni ni ya mitumbwi na miamba, kama pale Bismarck Rock. Sura za watu zipige asubuhi.

Kwenye simu: gusa uso wa mtu kwenye kioo, shikilia mpaka fokasi ifungwe, kisha sukuma alama ya jua juu kidogo. Ziwa litakuwa jeupe mno nyuma yake, na usihangaike kuliokoa.

Kwenye kamera: ongeza mwanga kwa +0.7 hadi +1.3 (kwenye kipimo chenye alama ya +/-) mtu akiwa na maji nyuma yake. Kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde kwa mtu anayetembea. Mwanamke anapozungusha beseni na dagaa wakatawanyika hewani kama mvua ya fedha, panda hadi 1/1000. Kabla ya jua kuchomoza utahitaji ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, ya 1600 au 3200. Chembechembe zitaonekana, na ni afadhali hizo kuliko picha iliyotikisika. Flashi usiwashe: anayeingiza mtumbwi gizani anaongozwa na macho yake.

Nami kuna kitu nilikigundua kwa bahati. Saa mbili asubuhi, dagaa wakishaanikwa, wanang'aa kama bati jipya. Mtu akiinama juu yao, jua likiwa pembeni, mwanga unaruka kutoka kwa dagaa na kumwangaza chini ya kidevu na ndani ya kivuli cha kofia. Ni taa ya studio, ya bure, yenye upana wa jamvi. Piga magoti usawa wa macho yake, lakini nje ya jamvi. Kufika saa nne taa hiyo inakuwa kali na macho ya watu yanafinyika, kanywe chai.

Utajua umepatia ukiikuza picha kwenye kioo na ukaona weupe wa jicho na mikunjo ya kona yake. Ukiona doa jeusi lenye meno, rudia.

## Hatua ya 7: Visivyopigwa

Wanaooga. Ufukwe ni bafu la watu wengi, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Ukiona sabuni, geuza kamera. Watoto wanaoogelea uchi nao usiwapige, hata wakikuita "tupige! tupige!".

Watu wenye ualbino, isipokuwa wamekubali wenyewe kwa kinywa chao, na kwa mtoto, mzazi wake. Kanda ya Ziwa ina kumbukumbu ya mauaji, na kumtangaza mtu na mahali anapoishi ni kumweka hatarini. Zima kabisa kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu yako, kwa picha zote.

Kambi za jeshi, polisi, uwanja wa ndege. Bandarini na kwenye vivuko uliza walinzi. Droni usiirushe bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Na nyua za watu kilimani. Mwanza imejengwa juu ya mawe, na kutoka juu ya mwamba wa Mabatini au Igogo mji mzima uko chini ya lenzi yako, pamoja na mabafu yasiyo na paa. Kamwone mjumbe kabla ya kupanda.

## Hatua ya 8: Andika maelezo siku hiyo hiyo

Jioni, kabla ya kuoga, sikiliza rekodi zako na uandike chini ya kila picha jina, mahali na kazi. Hakikisha jina la samaki kwa kijana wako. Nimeona furu akiitwa sato, na kayabo ikiitwa "samaki aliyeharibika", ilhali ni sangara aliyetiwa chumvi kwa ustadi na anayesafirishwa mbali. Maneno "mvuvi maskini" yafute. Hujui ana mitumbwi mingapi.

## Hatua ya 9: Rudisha za karatasi

Studio za mjini husafisha picha siku hiyo hiyo. Chagua moja kwa kila mtu, ile aliyosimama wima, na irudishe ndani ya wiki. Kama unaondoka Mwanza, mwachie kijana wa BMU nauli na bahasha, kisha mpigie kuhakikisha.

Usiyemkuta, mwachie picha yake mama lishe. Nilimwachia moja hivyo miaka miwili iliyopita. Mwenyewe alikuwa amehamia kisiwani, hajarudi kuichukua, na mama lishe akaibandika ukutani kwa uji wa unga. Bado ipo, imepakwa rangi ya kahawia na moshi wa kuni. Kwenye kona ya chini mtu ameandika kwa kalamu deni lake: chai, vikombe vinne.